Siku Muzee Alitaka Kuona Meno ya Karte

Batoto yangu, munanichekesha kweli. Munakuja hapa ku baraza yangu ya Muhumba, munakaa bila hata kuuliza kama nimekunywa chai, simu iko mukononi, na ndani ya simu karte mbili za picha zimesimama bega kwa bega kama wachumba mbele ya padri. Huku giga, kule giga. Huku wati, kule wati. "Maman Riziki, ipi iko na nguvu?" Na miye, mujinga wenu, navaa miwani mbio mbio na moyo unaruka, sababu hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote pale Nyawera. Nilifungua ordinatere za watu, ninyi munaziita kompyuta, nikatoa karte iliyokufa, nikaweka ingine, na kabla ya kuweka nililinganisha. Sasa nimestaafu. Mugongo ulikataa kuinama chini ya meza za watu, lakini ulimi haujastaafu, na hautastaafu.

Kwa yule mwenye amekuja tu kusindikiza mwenzake na hajui tunasema nini: karte ya picha ni kile kipande ndani ya ordinatere chenye kinachora yote unayoona ku ekra, ku kioo chake. Ikiwa zaifu, picha inatembea kama mutu mwenye kiatu kimemubana.

Jibu lenu nitawapa. Lakini kwanza nitawaambia siku nilipoitwa kule kijiji cha Miti kukagua karte za picha kama vile watu wanakaguaka ng'ombe za mahari. Ndiyo, nimesema mahari. Musicheke sasa, muweke kicheko, mutakihitaji.

Bon. Muelewe kwanza nilikojifunza. Patron wangu aliitwa Papa Salumu, mufanyabiashara wa Uvira, wa zile familia za Waislamu wenye mababu zao walitoka pwani na biashara. Kanzu safi, kalamu ku sikio, na sauti ya kuita hamali kutoka ngambo ya barabara. Alinifundisha karibu kila kitu ninachojua, pamoja na makosa yake, na makosa yake ndiyo yalinifundisha zaidi.

Wakati ule hakukuwa simu ya kulinganisha. Tulilinganisha kwa mukono! Mteja anashika karte moja huku, ingine huku, anapandisha, anashusha, sawa na mama anayechagua nyama soko ya Kadutu. "Hii iko nzito, nipe hii." Na Papa Salumu naye aliamini uzito. Siku moja akauzia mupiga picha wa harusi karte moja ndefu, nzito, yenye bati nene mugongoni. Kufika kuiweka, haiingii. Tukageuza, tukasukuma, tukamwomba Mungu, kila mutu kwa dini yake. Haiingii. Papa Salumu akapanguza jasho na mukono wa kanzu, akasema, "Riziki, leta musumeno."

Wee! Tulikata sanduku ya ordinatere ya watu! Mukia wa karte ukatokea nje, na ilifanya kazi, wallahi ilifanya kazi, ila mutoto wa mupiga picha akawa anatundika kofia yake ya shule pale. Tangu siku ile sikutoka nyumbani bila sentimita ya mushonaji shingoni, ile ya kupima kiuno. Kabla ya giga, urefu. Wamama wa Nyawera wakaona sentimita, wakaanza kuniletea vitenge niwashonee. Mmoja nilimushonea nguo kweli, na aliivaa mara moja tu.

Mambo ya giga, Papa Salumu alinielezea kwa mutama na mchele, sababu mwenyewe alikuwa na depo. Alisema, giga ni ukubwa wa depo. Biti, ile namba watu wanarukaka, ni upana wa mulango. Halafu kuna wabebaji: ukisoma aina ya memwari, kama ni ya kizazi cha zamani ao ya kizazi kipya, unasoma kama wabebaji ni wazee ao vijana. "Sasa, Riziki, uko na depo kubwa, mulango mupana, lakini wabebaji wote ni wa rika ya nyanya yako. Utasema biashara yako iko na nguvu?" Ndiyo maana ninyi munaponionyesha giga peke yake nakunja uso. Namba moja haijibu. Zinajibu zikikaa pamoja, zikigombana.

Kisha zikaja karte za kuchimba. Ngambo huko, watu waliweka karte kwa mamia zitafute sarafu za ku internet, mashini hazilali, joto kama jiko la mukate. Zikichoka, wanazipangusa, wanazitia ku kartoni inayong'aa, zinakuja kwetu zinanukia manukato. Sisi mafundi wa Nyawera tukazipa jina. Tulikuwa tunasema, "Hii imetoka Shabunda." Sababu mutu mwenye ametoka kuchimba zahabu Shabunda munamujua wote: shati mupya, saa mupya, miwani ya jua, lakini umuangalie mikono. Basi na karte ni vile vile. Usiangalie kartoni. Angalia vichwa vya visi kama bisibisi imevikwaruza. Nusa. Angalia kama mafuta yametoka mithili ya jasho pembeni ya memwari. Na angalia ile meno ya zahabu, ule mustari wa chini unaoingia ndani ya mashini. Karte ambayo imeingizwa na kutolewa mara nyingi, meno yake yanapata mikwaruzo, haiwezi kuficha.

Aya. Tumefika kwa Ansima.

Ansima alikuwa anachora nyumba. Si ku karatasi: ku ordinatere, nyumba yenye unaweza kuingia, ukafungua mulango, ukapanda ngazi, hata kabla fundi hajaleta tofali moja. Binti wa Miti, baba yake mufugaji, na akili yake, Mungu wangu, akili kama wembe. Lakini mashini yake! Ilikuwa moja ya zile za biro, za ofisi, wanauza wakichoka nazo. Alikuwa anaita mteja akae, anamwambia "Tuingie sebuleni," na picha inaganda mulangoni. Mteja anangoja, anakohoa, anaangalia saa, anaaga. Kila wiki alikuwa kwangu kuniuliza kama kuna dawa. Nilimwambia ukweli, dawa ni karte.

Siku moja anaingia dukani na uso unawaka. "Maman Riziki, Murhula anataka kutoa mahari."

Nikapiga vigelegele mpaka jirani muuza dawa akatoka nje. Murhula nilimujua, mwalimu, kijana mupole, wa kuongea kidogo.

"Na miye," anasema, "nimeomba ku mahari, ng'ombe moja itoke, mu nafasi yake bailete karte grafike."

Chai yangu yote ikaenda ku pagne, kitenge nilichovaa.

"Ansima! Mbona usimuombe tu Murhula akununulie?"

"Maman, kitu ya nyumba inauzwa siku mutu anagonjwa. Bashemeki, ndugu za bwana, banakuja, banaangalia, banasema, hii mashini inafaa nini, tuuzishe. Lakini kitu ya mahari?" Akanyoosha kidole juu. "Kitu ya mahari hakuna mwenye anaigusa. Na siku ile banabeba karte kwa mikono yao mbele ya batu, banakuwa bamekubali kazi yangu."

Nilikaa. Vraiment, nilikaa chini. Sababu mama ya Murhula alikuwa ameishasema wazi kwamba muka-mwana atakaa naye ku duka ya vitenge, na zile michoro za ku ekra ni mambo ya usichana. Huyu binti alikuwa ameona mbali kuliko miye na miwani.

"Na papa yako anasema nini?"

Hapo uso ukazimika kidogo. Baba yake, Muzee Baguma, alikuwa amecheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akauliza neno moja: "Ng'ombe inazaa. Chuma itazaa nini?" Ansima akalia kidogo, muzee akalainika, akatoa sharti. Ikiwa ni ng'ombe, basi ikaguliwe kama ng'ombe. Upande wa bwana walete mbili, mutu mwenye kuzijua aziangalie mbele ya watu wote, na yenye itachaguliwa itembee, ifanye kazi pale pale ndani ya lupango, uani kwake. Ikikosekana nzuri, walipe ng'ombe yao ya kawaida, na maneno ya karte imekwisha, na Ansima aende zake ku vitenge bila kelele.

"Mwenye kuzijua ni nani?" nikauliza, kama mujinga.

Ansima akanyoosha kidole ku sentimita yangu ya shingoni.

Batoto, nimeweka karte ku mabiro, ku mastudio, ku nyumba za watu wakubwa. Sijawahi kuogopa kazi kama asubuhi ile ya kwenda Miti. Nilivaa pagne yangu ya Pasaka. Nikatia bisibisi ndani ya mukoba pamoja na rozari, na sentimita shingoni kama kawaida. Ndani ya gari Ansima alikuwa amepakata ordinatere yake ku magoti kama mutoto mugonjwa, ekra iko miguuni, na kila shimo la njia alikuwa anasema "Yesu wangu" na miye namuitikia.

Lupango ya Muzee Baguma ilikuwa imejaa. Viti vya parokia upande huu, viti vya parokia upande ule, meza katikati na kitambaa cheupe, kasiksi, pombe ya ndizi, inazunguka. Jirani alikuwa ametuazima jenereta, imefungwa nyuma ya jikoni, inangoja kuvutwa. Ng'ombe zingine za mahari zilikuwa zimeishakubaliwa, zinakula majani pale pembeni bila wasiwasi. Zilikuwa na bahati, kazi yao imekwisha.

Musemaji wa upande wa bwana alikuwa tonton yake Murhula, baba yake mudogo, Tonton Deo, mutu munene, suti ya kahawia, sauti ya misa kubwa. Murhula mwenyewe alikaa nyuma, mikono ku magoti, kimya. Munajua siku ya mahari bwana haongei. Anakaa kama picha, wakubwa ndio wanasema.

Tonton Deo akasimama, akaweka ku meza kartoni moja kubwa, ya rangi, ungesema ni kiatu cha jitu. Pembeni akaweka kingine kidogo, bila kukiangalia.

"Muzee Baguma, familia, batu ya Mungu! Tumesikia munataka chuma. Tumeleta chuma!" Akafungua kubwa, akainua karte juu. Ventilatere tatu za kupuliza upepo! Taa ku mbavu! Wamama wakasema "Heee!" "Giga munane! Biti mia mbili hamusini na sita! Huyu ni dume, ndugu zangu!"

Upande wao wakapiga makofi, na wetu pia, maana sisi watu wa Kivu tunapenda hotuba.

"Na hii ndogo?" Muzee Baguma akauliza. Alikuwa amekaa na fimbo kati ya magoti, kofia imeshuka mpaka nyusi.

"Ah, hiyo." Tonton Deo akapunga mukono. "Giga sita. Biti tisini na kitu. Ventilatere moja. Hiyo ni ya kusindikiza."

Mutu yeyote mwenye anauza ng'ombe analetaka ya kusindikiza, ile nyembamba, ili nzuri ionekane nzuri zaidi. Watu wakacheka. Nikamwangalia Murhula. Alikuwa ameangalia chini, masikio mekundu kabisa.

Nikasogea ku meza. Nikaanza na ile kubwa, na niwaambie ukweli, ku karatasi ilikuwa inashinda kila mustari. Depo kubwa, mulango mupana. Lakini wabebaji wa kizazi cha zamani. Na nikainusa. Manukato! Nikaona vichwa vya visi. Nilijua tayari, na nilijua pia nikisema vibaya, kitu gani kitatokea. Kuleta ng'ombe mukongwe ku mahari na kuiita dume kijana si kosa dogo. Ni matusi, na ndoa zimekufa kwa pungufu ya hiyo.

Nilikuwa bado natafuta maneno laini, Muzee Baguma akasimama. Akaja mpaka ku meza, polepole, akanyoosha mukono.

"Meno yake iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Maman, nakuuliza. Kila kitu yenye inakula iko na meno. Hii inakula umeme, nimesikia. Nionyeshe."

Na mbele ya watu wote, nikageuza ile karte, nikamuonyesha mustari wa zahabu. Ningefanya nini? Iko pale, na umbo lake ni la meno kweli! Muzee akaivuta karibu na macho, akaigeuza ku jua, akapitisha ukucha. Hata ng'ombe niliona zimeacha kutafuna.

"Hii imekula sana," akasema. "Angalia. Imekwaruzika. Imetumika mpaka imechoka. Ni ya miaka ngapi?"

"Muzee..." nikaanza.

"Maman, sema."

Nikasema. "Imetoka Shabunda, Muzee." Nikamwelezea jina hilo, kwamba ilichimba mahali, ikachoka, ikavalishwa shati mupya.

Kelele! Upande wa Ansima wakasimama, upande wa Murhula wakasimama. Tonton Deo jasho likamutoka mpaka suti ikabadili rangi, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba dukani walimwambia mupya, na mimi nilimuamini, maskini, uso wake ulikuwa wa mutu aliyeibiwa. "Itembee!" akalia. "Muiweke ndani, itembee, mutaona!"

Haya. Nikatoa sentimita. Nikapima karte, nikapima tumbo la ordinatere ya Ansima. Haiingii. Yaani musumeno wa Papa Salumu ulinijia kichwani, nikauma midomo nisicheke. Na hata ingeingia, dume ile inataka waya wake peke yake wa kuilisha, na kisanduku cha umeme cha ile mashini hakikuwa na waya kama hiyo. Nikamwambia Tonton Deo, "Tonton, haina mahali pa kulala, haina mahali pa kunywa."

"Basi," Muzee Baguma akasema, na akarudi ku kiti. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo iliniogopesha zaidi. "Mulileta mukongwe, na ingine mwenyewe mulisema ni ya kusindikiza. Maneno ya chuma imekwisha. Mutaleta ng'ombe."

Nikamwona Ansima. Alikuwa amesimama ku mulango wa jiko na mikono juu ya mudomo. Miye mwenyewe machozi yalikuwa yameishafika hapa.

"Samahani."

Kila mutu akageuka. Bwana alikuwa amesimama! Bwana ameongea siku ya mahari! Shangazi mmoja akasema "Yesu Maria!" na kikombe kikaanguka.

"Kaa!" Tonton Deo akanong'ona kwa sauti yenye hata Kavumu waliisikia.

"Samahani, tonton. Samahani, papa. Ile ndogo ni miye niliichagua." Murhula akanyoosha kidole ku meza. "Nilienda kwa Ansima kumusalimia, nikapima sanduku yake na kiganja. Viganja viwili pungufu vidole viwili. Nikasoma karatasi ya nyuma ya kisanduku ya umeme. Haina waya ya zaidi. Hii ndogo inakunywa ndani ya mashini mwenyewe, haiombi waya. Wati yake ni kidogo, hata umeme ikishuka kwao jioni, itavumilia. Memwari yake ni ya kizazi kipya. Na..." Akamwangalia Ansima, akasahau watu wote. "Na iko na sehemu ya kuchora mwanga. Alinambiaka kitu chenye kinamuuma zaidi ni kwamba ndani ya nyumba zake jua haliingiaka vizuri."

Mungu wangu. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimegeuka, nimelinganisha karte zisizo na hesabu, na sijawahi kusikia mutu anasoma wati kwa mapenzi namna ile. Mama ya Murhula mwenyewe, wa vitenge, alikuwa ameacha mudomo wazi.

Muzee Baguma akainua kofia kidogo, akamwangalia kijana. Kisha akasema, "Acha itembee."

Sijawahi kufungua mashini kwa haraka vile. Nikaangalia meno: safi, yanang'aa, hayajaguswa. Nikapima: imeingia na nafasi ya kupumua. Tak! Nikafunga. Nikaita jenereta ivutwe, ikakohoa, ikashika. Ekra ikawaka. Wati zote za lupango ile, naapa, zilikuwa ndani ya moyo wangu.

"Fungua kitu chochote," nikamwambia Ansima.

Hakufungua chochote. Alifungua ile yenye alikuwa anaficha. Nyumba. Mulango wa bluu. Alikuwa ameichora kwa muda murefu, lakini mashini yake ya zamani ilikuwa inaganda kizingitini, basi hata yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani.

Akasukuma. Picha ikaingia. Bila kuganda, bila kukohoa, laini laini, tukapita sebuleni sote, watu wakasukumana nyuma yake, viti vikaanguka. Tukaingia chumba cha kulala. Na mwanga! Jua la asubuhi kutoka upande wa ziwa, limepita dirishani, limelala ku shuka kama vile linalalaka kweli.

"Hii ni nyumba ya nani?" Muzee akauliza.

"Ni yako, papa. Yenye nitakujengea. Angalia dirisha."

Muzee akainama, fimbo ikaanguka, hakuiokota. Dirisha ilikuwa inaangalia zizi. Yule muzee, kila mutu Miti anajua, hapati usingizi bila kuona ng'ombe zake zimelala kwanza. Akasogeza kichwa huku, akasogeza kule, akitaka kuchungulia pembeni ya ekra.

"Ile yangu ya mabaka haiko."

"Papa, nyumba haijajengwa. Ng'ombe itaingia namna gani?"

Tulicheka! Tulicheka mpaka Tonton Deo akakaa chini na suti yake. Muzee naye akacheka, na machozi yake yalikuwa yanatoka pamoja, hakuyapanguza. Akaokota fimbo, akaigonga chini.

"Naipokea. Imetembea." Shangwe. Akainua mukono. "Ngojeni. Chuma ni yangu sasa, ni ya mahari. Ansima, nakukabizi uichunge, sawa na mutu anakabiziwa ng'ombe ya mwenzake. Maziwa ni yako, kamua. Lakini munajua desturi: mutoto wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe."

Watu wakaanguka tena kwa kicheko. Karte izae! Hata miye nilicheka, nikajua ni muzee anarudisha utani wake ili asibaki amelia bure mbele ya wakwe. Mama ya Murhula ndiye aliyeibeba ile mashini mpaka ku gari, kwa mikono yake, na akamukemea shofere aende polepole.

Basi ndiyo maana ninawaudhi. Munanionyesha namba, nami nawauliza sanduku yenu iko na viganja vingapi, umeme wa kwenu unashuka saa ngapi, na mwenye atakaa mbele ya hiyo ekra anaumwa na kitu gani. Munaona nimezeeka, ninapoteza njia. Hapana. Namba zote ni za kweli, muzisome, muzisome mpaka ya mwisho, ni tamu! Lakini mulinganishe karte na nyumba inakoenda kulala, musiilinganishe na karte mwenzake tu.

Sasa sikieni, nimalize, kisha mulete hiyo simu.

Juzi hapa nilikuwa napepeta mchele, simu ikalia. Muzee Baguma. Yeye akishika simu anapiga kelele kama mutu anayeita ngambo ya bonde.

"Maman Riziki! Ile chuma imezaa!"

Nikafikiri uzee umemufikia. "Imezaa nini, Muzee?"

"Ya kike! Mabaka nyeupe ku paji!"

Nikasikia nyuma yake sauti ya ndama, na sauti ya Ansima anacheka na kulia. Alikuwa amekamua, batoto. Alikuwa amechorea watu nyumba, mwanga umeingia vizuri, wateja hawakuaga tena mulangoni, na kitu cha kwanza alichonunua ni mutamba ule, akaupeleka Miti kwa miguu tangu barabara kubwa, pete yake ya ndoa iko kidoleni na viatu mukononi.

Nikaweka ungo chini. Nikapanguza macho na pembe ya pagne.

"Uko pale, Maman?" Muzee akapiga kelele. "Usiogope! Nimeishaangalia meno. Hii iko mupya."